Je, wajua kwa nini sopisi, yaani kisonono, hurudi hata baada ya dawa?

Mwanaume anaanza kukojoa kwa maumivu, usaha unatoka. Anaingia farmasi moja ya Kadutu, hapa Bukavu, ananunua vidonge vichache vya antibiotiki ya sipro bila kupimwa, na baada ya siku kadhaa anajiona amepona. Mwezi haujaisha, usaha umerudi. "Dawa ilikuwa feki," atasema. Huenda ni kweli. Ila mara nyingi jibu liko nyumbani kwake.

Kisonono, ambacho wengi hapa Bukavu tunakiita sopisi, humsumbua mwanaume mapema, kwa kawaida kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa. Mwanamke anaweza kuwa nacho asihisi chochote. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ni kimya zaidi: wanawake wengi walio nayo hawana dalili hata moja. Wakati huo vijidudu vinapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiachia makovu, na miaka baadaye mama wa watu anaitwa tasa. Basi mume anayejitibu kwa siri analala tena na mke ambaye hakutibiwa, na anaambukizwa upya, kwa sababu kuugua kisonono mara moja hakumkingi mtu na mara ya pili. Kisha mke ndiye anayelaumiwa kwamba "ameleta ugonjwa". Mimi naona siri ya namna hii inaeneza ugonjwa kuliko umalaya wenyewe.

Dawa nayo ina kesi ya kujibu. Kijidudu cha kisonono kimezishinda dawa za salfa, kikaizoea penisilini, kikaizoea tetrasaiklini, na sipro nayo haifui dafu tena mbele yake katika nchi nyingi. Ndiyo maana OMS, Shirika la Afya Duniani, inapendekeza sindano ya seftriaksoni. Tena kisonono na klamidia hupenda kuandamana, na sindano hiyo haiui klamidia. Klamidia ina vidonge vyake, mara nyingi doksisaiklini kwa siku 7. Anayenunua vidonge viwili vitatu kulingana na pesa iliyo mfukoni anavipa vijidudu mazoezi tu.

Nani yuko hatarini zaidi? Watu huhesabu wapenzi wa mtu, lakini hesabu hiyo haitoshi. Mnamo Septemba 2023 aina mpya ya mpox (ndui ya nyani) ilianza kuonekana Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu hapa Kivu Kusini, ikienea sana kwa njia ya ngono. Ikafika Bukavu, ikafika Goma, na Agosti 2024 OMS ikaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Njia ilizopita ndizo zinazopitwa na kaswende na virusi vya ukimwi: wachimbaji wanaokaa miezi mbali na familia, madereva, wafanyabiashara, wasichana wanaotafuta chakula. Mama wa Bagira ambaye hajawahi kumjua mwanaume mwingine ila mume wake anaweza kubeba ugonjwa wa watu asiowahi kuwaona. Kasiksi, pombe ya ndizi, nayo ina sehemu yake. Chupa ya tatu ikishaisha, kapoti (kondomu) husahaulika mfukoni.

Na hiyo kapoti, kuna wanaoipaka mafuta ya kujipaka au mawese ili iteleze. Mafuta huozesha mpira, ukapasuka. Kuvaa mbili pamoja pia ni kosa, maana zinasuguana. Ikivaliwa vizuri inakinga sana dhidi ya kisonono, klamidia na virusi vya ukimwi. Kwa kaswende, malengelenge ya sehemu za siri na mpox kinga yake ni pungufu, kwani kidonda kinaweza kuwa mahali isipofika. Tohara hupunguza kwa karibu asilimia 60 hatari ya mwanaume kupata virusi vya ukimwi kutoka kwa mwanamke, lakini haizuii sopisi. Kujiosha ndani ukeni kwa sabuni au dawa za miti hakusaidii kabisa: kunaua bakteria wazuri wanaolinda uke.

Ukiugua, nenda kituo cha afya pamoja na mwenzako, mtibiwe wote wawili, na msilale pamoja hadi siku 7 zipite baada ya matibabu. Omba kipimo cha kaswende na cha ukimwi siku hiyohiyo. Kidonda cha kaswende hakiumi na hufunga chenyewe, huku ugonjwa ukiendelea ndani. Na aliyebakwa, au ambaye kapoti imempasukia na mtu asiyemjua hali yake, asisubiri dalili: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu.