Kile kidude cha mkononi hakichomi insulini

Juzijuzi, Jumanne moja, kliniki yetu ya kisukari hapa Kigoma haijafunguliwa hata dirisha, baba mmoja wa Ujiji aliingia na binti yake wa miaka 13 mgongoni. Mtoto anavuta pumzi ndefu za haraka, mdomo unanukia kama embe lililoiva likapitiliza. Aliyezoea kazi hii hahitaji kuambiwa zaidi. Nilipokunja mkono wa gauni nikakiona: kidude cheupe cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, kimebandikwa nyuma ya mkono wa kushoto. Shangazi yake aliye Kanada ndiye aliyekituma.

"Insulini amechoma lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi, Sista. Jumapili tukamfunga mashine. Si ndiyo inamchoma yenyewe?"

Nikaomba simu. Kwenye kioo hapakuwa na namba, palikuwa na herufi mbili tu: HI. Maana yake sukari imepanda mpaka kifaa hakiwezi tena kuisoma.

"Hiyo tuliiona," baba akasema. "Binti akasema inatusalimia."

Sikucheka. Nilicheka usiku, nyumbani, baada ya dripu na insulini kufanya kazi yake na mtoto kuomba uji. Huyu ni wa tatu kwangu mwaka huu kuacha sindano kwa sababu amebandikwa kihisi, na wiki hiyohiyo nimepigiwa simu na watu wawili wanaotaka ushauri "wanunue kipi kati ya pampu na kihisi", kama mtu anayechagua kati ya Bajaji na bodaboda. Kwa hiyo leo naandika.

Nakiita kihisi. Zamani nilikuwa nasema sensa, hadi mama mmoja wa Mwanga aliponiuliza mbona watu tulishahesabiwa 2022.

Kihisi husoma, basi. Ndani yake hamna insulini wala pa kuiweka. Najua uongo huu unakotoka: siku ya kukibandika unasikia "ta!", unaona sindano, unadhani umechomwa dawa. Ile sindano inaingia na kutoka papo hapo. Kinachobaki chini ya ngozi ni kiuzi chembamba cha kusomea. Pampu nayo husukuma insulini kupitia mrija mdogo uliolala chini ya ngozi, saa 24, kwa kiasi ulichoipangia. Haijui sukari yako ni ngapi. Ukiwa na 2.5 (namba zangu zote za sukari ni za mmol/L), yaani sukari imeshuka mno, na umelala, itaendelea kukusukumia kama ilivyoagizwa. Zile mnazoziona kwenye video, zinazojipunguza na kujiongeza zenyewe, ni vifaa viwili vilivyounganishwa, kihisi na pampu, katikati yao programu. Ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na hata hiyo ukila bila kuiambia itabaki kuikimbiza sukari kwa nyuma. Kipimajoto hakijawahi kushusha homa ya mtu. Tuendelee.

Sasa linalonikera kuliko yote: "Sista, kihisi kinadanganya."

Mwalimu mmoja mgonjwa wangu alitokwa na jasho akisahihisha madaftari. Kihisi kikasema 3.2. Akanywa nusu chupa ya soda, sawasawa kabisa. Dakika tano baadaye kihisi kikasema 3.0. Akamalizia soda. Kikasema 2.9. Akala biskuti, akapandisha na vijiko viwili vya asali ya Tabora aliyoletewa na mkwewe. Saa moja baadaye yuko kwenye 17, kichwa kinamuuma, na ananipigia simu kwa hasira.

Kihisi hakikudanganya, kilichelewa. Hakisomi damu. Kinasoma majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari hupita kwenye damu kwanza, ndipo ifike huko. Sukari ikiwa imetulia, huoni tofauti kubwa. Ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, kihisi kiko nyuma kwa dakika 5 hadi 15. Mvua ikimwagika Kasulu leo, mto Ruchugi utajaa leo, lakini mtu wa Ilagala, kule mto Malagarasi unaopokea maji yake unakoingia ziwani, hataona kitu kwanza. Hawezi kusema mvua haikunyesha.

Kwa hiyo sukari ikishuka: gramu 15 za sukari, ndiyo hiyo nusu chupa ya soda au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, halafu kaa. Dakika 15. Kisha toboa kidole. Ndiyo, kidole, hata kama una kihisi. Ninaposema hivyo watu hunitazama kana kwamba nimewaibia hela, maana walinunua kihisi ili kidole kipumzike. Kitapumzika siku nyingi, lakini dakika hizo hakipumziki.

Na namba peke yake ni nusu ya habari, nusu nyingine ni mshale. Kwenye vihisi ninavyoviona hapa, 5.0 yenye mshale uliolala ni nzuri, kalale. 5.0 yenye mshale uliosimama wima kuelekea chini maana yake unapoteza zaidi ya 0.1 kila dakika. Baada ya dakika 20 unaweza kuwa kwenye 3, na kama unaendesha pikipiki ndipo nitakutana nawe wodi nyingine. Wagonjwa wananitumia picha ya kioo wameikata, wameacha namba, mshale wameuondoa. Kila siku. Nimeomba, nimegomba, nimechora ukutani.

Kuna na ya kulalia mkono. Ukikilalia kihisi, majimaji yanabanwa, kinasoma chini, kinakuamsha saa tisa usiku unywe soda ambayo hukuihitaji. Geuka upande, ngoja kidogo, hakikisha kwa kidole.

Wanaoweka glukomita, ile mashine ya kupima tone la damu ya kidole, upande wa malaika na kihisi upande wa shetani wajue kwamba hata glukomita ina ruhusa ya kukosea. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinairuhusu kupotea kwa asilimia 15 juu au chini kuanzia 5.6 kwenda juu. Yaani 10 yako inaweza kuwa 8.5 au 11.5, na mashine ni nzima. Hapo sijamtaja aliyetoka kula embe akatoboa kidole bila kunawa, akaja kwangu na 22 akilia. Tulimnawisha, tukapima upya: 8.

Pampu.

Naipenda pampu, niseme hivyo kabla sijatukanwa. Nimeona mtu mzima akitoka kwenye sindano tano kwa siku akaonekana kama aliyetua gunia la mkaa. Lakini anayetaka kumnunulia mwanawe pampu hapa Kigoma, kuna jambo moja wauzaji hawalisemi kwa sauti: ndani ya pampu huwa kuna insulini ya haraka tu. Ile ya kukaa mwilini siku nzima haipo. Anayechoma sindano, akikosa sindano ya mlo mmoja, bado ana akiba ya ile ndefu. Wa pampu hana akiba. Mrija ukipinda, hewa ikiingia, gundi ikiachia kwa jasho usiku, saa chache tu ketoni, ile tindikali ya mwili uliokosa insulini, zinaanza kupanda, na mwenyewe amelala anajua mashine inafanya kazi. Ndiyo maana kila mwenye pampu lazima awe na sindano na insulini ya akiba nyumbani. Lazima.

Kisha hesabu. Mrija hubadilishwa kila siku mbili au tatu, kwa hiyo ni 10 hadi 15 kwa mwezi, na lazima uwe wa pampu hiyohiyo. Ukikuishia Alhamisi na unaofuata uko Dar es Salaam, pampu yako ni pambo. Insulini ya haraka hapa kwetu haipatikani kama ile ya kawaida ambayo wengi wenu mnachoma nusu saa kabla ya kula. Na lazima ujue kukadiria wanga wa chakula chako: majedwali yanayokuja na hivi vifaa yanakuambia kipande cha mkate, ugali wa muhogo na migebuka hayaujui. Mimi na wagonjwa wangu tumeishia kupima ugali kwa bakuli moja lilelile la nyumbani, kila siku. Si sayansi ya kujivunia, ila inasaidia.

Mzee wangu wa kisukari cha aina ya pili unayetumia vidonge vya metformini na umesikia pampu "inaponya": si yako. Tembea jioni, tutaongea kliniki.

Sasa kijana wa Kibirizi. Kisukari cha aina ya kwanza, mwili hautengenezi insulini, anavua dagaa. Nilipomwelezea kihisi kwa mfano wa taa ya kuvulia, kwamba taa inaonyesha tu na nyavu ndiyo inavua, alinikata: "Hapana Sista, taa haionyeshi. Inawaita." Mfano nimeuacha.

Anaondoka saa 12 jioni, anarudi saa 12 asubuhi. Asubuhi sukari yake ya kidole ilikuwa 13, 14, kwa hiyo kila aliyemwona alimwongezea insulini ya jioni. Nami nilimwongezea, tena mara mbili. Alipopata kihisi cha kuazima, toleo la kwanza la chapa ya Libre lisilo na king'ora, lazima ukisogezee simu ndipo kikupe namba, mwanzoni hatukuelewa kitu: mchoro wake ulianza saa nne usiku tu. Kumbe kinatunza saa 8, yeye anakaa ziwani saa 12. Tukakubaliana simu aifunge kwenye nailoni, asome saa sita na alfajiri. Ndipo tukaona: kila usiku wa kazi, karibu saa saba, wakati wa kuvuta nyavu, sukari inaanguka hadi 3.1. Insulini yake ile nyeupe kama maziwa, iliyochomwa saa 11 jioni, iko kileleni saa hizohizo. Anatetemeka, anadhani ni baridi, anakula andazi la wenzake na chai yenye sukari nyingi, asubuhi anaamkia 14. Ilipofika mbalamwezi, hawavui, mchoro ukanyooka kwenye 9 usiku kucha.

Tukapunguza uniti nne usiku wa kuvua, tukairudisha usiku wa mbalamwezi. Hakuna pampu duniani ingeliona lile anguko. Glukomita ingeweza, kama angetoboa kidole saa saba usiku kwenye mtumbwi, mikono ina magamba. Ila nikiri: baada ya kuliona, pampu ingefanya marekebisho hayo vizuri kuliko sindano yangu, maana unaipunguza kwa saa mnazovuta nyavu tu, kisha unairudisha. Kama isingeanguka ziwani.

Kwa hiyo ukinishika ukutani, hela ni ya kimoja: kihisi. Si mimi tu. Utafiti mmoja wa Jamhuri ya Cheki uliwafuata watu 94 kwa miaka mitatu, na waliokuwa na kihisi walifanya vizuri wawe kwenye pampu au kwenye sindano. Uingereza nao waligawa watu wazima kwa kura, pampu au sindano, wote wakapewa mafunzo yaleyale kwanza. Tofauti ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, mwishoni ilikuwa ndogo mno. Mafunzo ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Lakini kama hiyo hela ya kihisi ndiyo ya stripu za kupimia kidole na ya nauli ya kuja kuchukua insulini, kiache dukani. Nasema hivi na bado silali vizuri, kwa sababu familia nyingi zinaweza kununua kihisi kimoja tu, siku 14, baada ya hapo hamna. Huwa nawaambia wakitumie kama picha ya X-ray: wiki mbili, tuone, turekebishe dozi, tukae miezi. Inawezekana nawapa dozi za wiki mbili ambazo hazifanani na maisha yao. Yule kijana, tungempima wiki ya mbalamwezi pekee, ningemwongezea insulini tena.

Na yupo mama mmoja niliyemnyima moyo kuhusu pampu ya mwanawe, miaka minne iliyopita, kwa sababu ya mirija. Kijana sasa amechoka sindano, anaruka dozi. Labda nilikosea.

Binti wa Ujiji aliruhusiwa Ijumaa. Jana walikuja, mashine bado iko mkononi, chini ya shati la shule. Alivuta uniti zake mwenyewe, akasoma simu kwa sauti: "6.8, mshale umelala." Baba akainama, akanong'ona:

"Sista, na huu mshale ukiwa umelala, sindano bado achome?"

"Achome, Baba."