Umeweka rimu kubwa, sasa upepo ujaze kiasi gani?

Mtu akishafunga rimu kubwa na kuuliza ajaze upepo kiasi gani huwa anapewa majibu mawili, na yote mawili hayajakaa sawa. La kwanza, fuata stika ya mlangoni, ile ya kiwandani yenye saizi za tairi na presha zake. La pili, soma namba ilioandikwa ubavuni mwa tairi ujaze hiyo. Stika inaongelea zile saizi zilizoandikwa palepale tu, kwaiyo kama tairi lako jipya halimo ile namba haikuhusu moja kwa moja, ila usiipuuze maana ndo pa kuanzia hesabu. Hiyo ya ubavuni ni mwisho wa tairi lenyewe, haijui umelifunga kwenye gari gani, ukijaza mpaka hapo gari linadunda, kushika barabara kunapungua na tairi linaisha katikati.

Kinachoamua presha ni uzito. Upepo ndo unaobeba gari, mpira wenyewe unasaidia kidogo tu.

Tuseme gari limetoka kiwandani na tairi za 205/55 R16, yani za rimu ya inchi 16, indeksi ya uzito 91, yani kila tairi mwisho wake kilo 615, na stika inasema psi 32 (psi ni kipimo cha presha). Mwenye gari anataka inchi 18 anafunga 225/40 R18, kipenyo karibu kilekile, tofauti kama milimita 5, na tairi limeandikwa 92 XL, yani kilo 630. Anaona 92 imezidi 91 basi anajaza 32 zake kama zamani anaondoka. Shida iko kwenye hizo herufi XL, yani Extra Load, tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi. Kwa viwango vya Ulaya tairi la kawaida linafikia uzito wake kamili kwenye bar 2.5 (bar ni kipimo kingine cha presha), kama psi 36, lakini XL linataka bar 2.9, kama psi 42, ndo libebe zile kilo 630. Ukilipiga psi 32 linabeba kama kilo 505, wakati lile la zamani kwa psi 32 hizohizo lilikua linabeba kama 555. Umepoteza kilo 50 kila tairi, na mwenyewe unaona umeweka tairi la nguvu zaidi. Kurudisha ule uwezo unahitaji kama psi 36. Na kama stika inatofautisha mbele na nyuma, au gari tupu na gari lililojaa watu na mizigo, hiyo tofauti unaibeba vilevile kwenye presha mpya.

Usinunue tairi lenye indeksi ndogo kuliko ya mwanzo. Kuna 225/40 R18 zisizo XL zenye 88, kilo 560 tu, hapo hakuna upepo utakaolifikisha zile kilo 615 za mwanzo.

Presha ikiwa ndogo ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi linapata joto ndani na mwisho linaweza kupasuka kwenye mwendo mkali, na kwa tairi la ubavu mfupi shimo moja tu linatosha kupinda rimu.

Kwa wenye 4x4 wanaoongeza kipenyo chenyewe mambo yanaweza kugeuka, tairi kubwa lina hewa nyingi ndani kwaiyo kwa uzito uleule linaweza kutaka presha ndogo, ila ukiweka yale ya LT (Light Truck, ya magari madogo ya mizigo) mara nyingi yanataka zaidi, hapo usikisie, omba jedwali la mzigo na presha la mtengenezaji wa hilo tairi. Kuna wanaochora mstari wa chaki kwenye kashata za tairi, yale meno yanayokanyaga barabara, wanaendesha kidogo waone inafutika wapi, sio mbaya, inakuonyesha tairi linavyokanyaga lakini haikwambii linaweza kubeba kilo ngapi.

Pima tairi likiwa baridi, gari limekaa kama masaa 3. Likiwa la moto psi zinapanda, usizitoe, kesho asubuhi utakuta umepungukiwa. Na ile taa ya presha kwenye dashibodi, kwenye magari mengi imepangwa kwa presha ya stika, inaweza ikakaa kimya wakati tairi jipya lishapungukiwa zamani, kwaiyo geji ya mkononi bado unaihitaji. Kama gari lina kitufe cha kuseti upya, kibonyeze baada ya kujaza, sio kabla.

Spea kama umeiacha ile ya zamani, yenyewe inabaki na presha yake ya stika.