Nestroy hakuwa "anachomekea tu"

Juzi tena. Nimekaa kiti cha mbele kwenye onyesho la vichekesho, mshereheshaji anashika kipaza sauti na kututangazia kwamba mchekeshaji wa kweli hahitaji mswada, "kama yule Nestroy wa Vienna, alikuwa anapanda tu jukwaani anachomekea." Nikatabasamu kwa adabu. Nimeshatabasamu hivyo mara nyingi, na sasa mashavu yamechoka.

Ya haraka kwanza. Johann Nestroy alizaliwa Vienna mwaka 1801, baba yake wakili. Akaacha masomo ya sheria, na mwaka 1822 akapanda jukwaa la opera mjini kwao kuimba besi, nafasi ya Sarastro katika Die Zauberflöte ya Mozart. Akaenda Amsterdam, akaenda Brünn (leo Brno), akaenda Graz, ambako uimbaji ulipungua na uchekeshaji ukashika kasi. Mwaka 1831 akarudi Vienna kwa meneja Carl Carl, kwenye ukumbi wa Theater an der Wien. Tamthilia zake zinakaribia 80, na nyingi aliziandika akijua nafasi ipi ataicheza yeye. Akafia Graz, 1862. Haya utayapata popote.

Sasa hilo la kuchomekea, yaani kutamka jukwaani maneno yasiyo mswadani. Katika Vienna ya enzi hizo mwigizaji hakuruhusiwa kutamka jukwaani neno lisilopitishwa. Mswada ulikwenda kwa mdhibiti, ukarudi umekatwakatwa, na usiku wa onyesho ofisa wa polisi alikaa ukumbini. Kuchomekea lilikuwa kosa la kukupeleka polisi, wala si kipaji cha kusifiwa kwenye utambulisho. Nestroy alilitenda kosa hilo, sikatai. Mkataba wake wa Brünn ulikatika mwaka 1826 baada ya kuvutana na polisi kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 1836 akalala ndani siku 5.

Kisa cha hizo siku 5 ndicho kila mtu hunitupia usoni, kwa hiyo tukikalie. Mkosoaji mmoja, Franz Wiest, alikuwa amemnanga gazetini. Nestroy alikuwa anacheza mtumishi katika tamthilia yake Zu ebener Erde und erster Stock, ile yenye jukwaa la ghorofa mbili, maskini chini na matajiri juu, wote wanaonekana kwa wakati mmoja. Meza ya karata inaandaliwa, mchezo ni whist. Whist, Wiest: midomoni mwa watu wa Vienna yanakaribiana mno. Nestroy akatoa mshangao kwamba mchezo wa akili nyingi namna ile umebeba jina la mtu mjinga kuliko wote. Polisi hawakucheka.

Watu wanasema: unaona, papo kwa papo! Mimi naona kinyume. Mzaha huo unataka meza iwe imeshawekwa, mchezo uwe umetajwa, na mwigizaji avute subira hadi hadhira yenyewe ianze kunusa jina. Haukuwa mswadani, ni kweli, lakini kutokuwa mswadani na kutokuandaliwa ni mambo mawili, na ninapoteza nusu ya kila muhula nikiyatenganisha. Naamini aliuatamia usiku kadhaa. Nakiri pia kwamba mimi ni mtu wa mazoezi, na watu wa mazoezi huona mazoezi kila mahali.

Tazama basi makaratasi yake, mengi yapo maktaba ya jiji la Vienna. Kuna orodha inayoitwa Reserve, yaani akiba: kauli zaidi ya 200 zilizokwisha kunolewa, zinasubiri mhusika wa kuzisema. Kuna miswada ambamo amejidhibiti mwenyewe kabla ya mdhibiti, neno kali linapewa mbadala wake mpole. La mdhibiti hili, la kwetu lile. Mtu anayeandika sentensi moja mara mbili, moja kwa serikali na moja kwa moyo wake, usiniambie alikuwa anaropoka.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mdhibiti hukata maneno tu. Hawezi kukata nyusi, wala kimya, wala namna ya kuvuta silabi mpaka neno safi linuke. Nestroy alikuwa mrefu, mwembamba, viungo vinamzidi. Mwenzake wa miaka mingi, Wenzel Scholz, alikuwa mfupi na mnene. Wakisimama pamoja, hadhira imeshaanza kucheka na hakuna aliyefungua kinywa. Ulimi wake ulikuwa mwepesi ajabu, na alijua kuanza sentensi kwa Kijerumani cha vitabuni akaiangusha katika lahaja ya Vienna, kama mtu anayeanza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari akamalizia kwa cha kijiweni. Katika tukio lile la kuanguka ndimo kejeli ilimokaa, na kwenye karatasi ya mdhibiti hapakuwa na la kufuta. Mwanafalsafa Friedrich Theodor Vischer alipomwona uzeeni alichukizwa, akaandika kwamba sauti na miondoko yake humfikisha mtu mwenye hisia timamu kwenye kichefuchefu. Alilalamikia sauti na miondoko! Adui huyo alisikiliza vizuri kuliko mashabiki wengi.

Mwaka 1848 udhibiti ukafutwa kwa miezi michache. Kama kweli mswada ulikuwa pingu, huu ulikuwa wakati wa kuutupa. Yeye akakaa akaandika tamthilia, Freiheit in Krähwinkel (Uhuru mjini Krähwinkel), ikaonyeshwa Julai, inawacheka watawala wa zamani na kuwang'ata wanamapinduzi pia. Aliandika, narudia.

Nje ya jukwaa walimkuta mpole, mwenye haya, na mambo ya fedha aliyashika zaidi mwenza wake Marie Weiler. Hofu yake kubwa ilikuwa kuzikwa hai, na wosia wake unaagiza kwa kirefu maiti yake iangaliwe vipi kabla ya kufukiwa. Hata kifo alikiandikia maelekezo ya jukwaani.

Lakini kuna kitu kinachonisumbua, na vitabu vya kozi hukipita kimyakimya. Nafasi aliyoicheza kuliko zote ni ya Sansquartier, askari mzee mlevi katika kichekesho ambacho asili yake ni ya Louis Angely, si yake. Aliishika tangu enzi za Graz, akaicheza mamia ya mara mpaka uzeeni. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba huu ndio ushahidi wa nidhamu: miaka zaidi ya 30, mlevi yuleyule. Siku hizi nasitasita. Mlevi aliyebuniwa na mwandishi mwingine, mswada usiokuwa na thamani kubwa, hadhira inayojua kila kituo: hakuna mahali pazuri zaidi pa kuingiza jipya kila usiku bila polisi kushtuka. Na tunachokijua kuhusu alivyochomekea kimetoka hasa kwa waliomshtaki na waliomchukia, ambao waliandika usiku ule tu walipokasirika. Mshereheshaji wa juzi angenibana hapo kwa Sansquartier, nisingekuwa na la kumjibu haraka.