Talaka yaweza kutoka Nevada, malezi yakabaki Ohio

Mteja anaponiuliza afungue kesi ya talaka katika jimbo gani, mimi humuuliza kwanza mtoto amekuwa akiishi wapi kwa miezi sita iliyopita. Wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kuona talaka na malezi yakiamuliwa pamoja. Lakini hapa Marekani, wazazi wanapoishi majimbo tofauti, mahakama yenye uwezo wa kuvunja ndoa yaweza kuwa haina mamlaka yoyote juu ya mtoto.

Katika talaka hutazamwa makazi ya mume au mke. Nevada hutosheka na wiki 6 pamoja na nia ya kubaki. Texas hudai miezi 6 katika jimbo na siku 90 katika kaunti. Kwa hiyo mume aliyehamia Las Vegas huko Nevada, mke na mtoto wakabaki Ohio, anaweza kupewa talaka halali, ila hukumu hiyo haitagusa malezi, wala haiwezi kumnyima haki ya matunzo mke ambaye hana uhusiano wowote na Nevada.

Kuhusu mtoto, karibu majimbo yote yamepitisha sheria ya mfano ya 1997, yaani iliyoandikwa ili kila jimbo liipitishe kama yake, ambayo mawakili huiita kwa herufi zake, UCCJEA. Kipaumbele hupewa jimbo ambalo mtoto aliishi na mzazi kwa miezi 6 mfululizo kabla ya shauri kufunguliwa, na likizo ya muda haikatizi hesabu. Tuseme mama ameondoka Columbus, Ohio, mwezi Februari na mtoto wa miaka 4, akahamia Dallas, Texas. Baba aliyebaki akifungua shauri Juni, Ohio ndiyo yenye haki ya kwanza, hata likisikilizwa Novemba. Akinyamaza hadi Septemba, Texas imekwisha kuwa jimbo la makazi ya mtoto. Anayeniambia kwamba anasubiri wazee wa pande zote mbili wakae, mimi humjibu kuwa vikao viendelee, lakini hati ziwe zimeshapokelewa na karani wa mahakama. Wala wazazi hawawezi kuipa mahakama mamlaka haya kwa kukubaliana tu.

Anayekimbia kipigo ana njia nyingine, na kwangu hicho ndicho kifungu chenye ubinadamu kuliko vyote: mahakama ya mahali mtoto alipo inaweza kutoa amri ya dharura ya muda, hata kama walifika jana, iwapo mtoto, ndugu yake au mzazi yuko hatarini.

Kila mdaawa hujaza kiapo kinachotaja mahali mtoto alipoishi kwa miaka 5 na watu aliokaa nao. Msiache kuandika miezi ya nje ya nchi. Sheria hii huihesabu nchi ya kigeni kama jimbo, kwa hiyo ikiwa mama amehamia Nairobi na mtoto kwa mwaka mzima, baba anayefungua shauri Ohio anaweza kuambiwa alipeleke Kenya, isipokuwa sheria ya malezi ya huko ionekane kukiuka misingi ya haki za binadamu.