Mnafu au mnanaha? Maswali ya wachumaji wa mboga za porini

Masika yakianza, vihamba vya Moshi, yale mashamba ya migomba na kahawa kuzunguka nyumba, huota mboga ambazo hakuna aliyezipanda: mnafu, mchicha pori, mgagani. Ndipo maswali haya hunijia.

Swali: Shikamoo mama. Chini ya migomba yetu huku Kibosho mnafu umejaa, lakini katikati yake kuna mmea ambao mama mkwe amenikataza kabisa. Ukikua unazaa tunda la miiba. Ukiwa mchanga mimi naona majani ni yale yale. Niutambueje?

Marahaba mwanangu. Mama mkwe yuko sahihi, tena mwombe mwende wote shambani akuonyeshe. Huo ni mnanaha, ambao wataalamu huuita Datura stramonium, na una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu.

Ukishakomaa huwezi kuukosea. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au zambarau hafifu, na tunda lake la miiba husimama peke yake kwenye panda ya tawi. Mnafu una kiua kidogo cheupe chenye kitovu cha njano, na matunda yake ni vipunje laini vilivyokaa kichala.

Hatari iko kwenye mche. Jioni umeinama, giza linaingia, unakwanyua vichipukizi kwa kiganja kizima, na mche mmoja wa mnanaha unaingia kapuni. Kwa hiyo chuma kukiwa na mwanga, shina moja moja. Tazama yale majani mawili ya kwanza kabisa chini ya mche kama bado yapo: ya mnanaha ni marefu na membamba, ya mnafu ni mafupi ya duaradufu. Jani la mnanaha likikua kingo zake huchongoka meno makubwa yasiyolingana. La mnafu kingo zake ni nyororo au zina mawimbi kidogo. Ukisugua jani la mnanaha linatoa harufu nzito ya kuchukiza. Nawa mikono baada ya hapo, usijiguse macho, maana utomvu wake hutanua mboni.

Usitegemee jina peke yake. Majina ya mimea hubadilika ukitoka Machame kwenda Rombo. Mimi mche nisioujua, na hakuna mtu wa kunithibitishia, nauacha.

Swali: Nipo Arusha. Nimesoma mtandaoni kwamba mnafu wenyewe ndio sumu inayoua. Tuache kula?

Hapana. Wengi wanauchanganya na Atropa belladonna, mmea wa Ulaya ambao matunda yake meusi hukaa moja moja, si kichala. Mnafu ni chakula, na hapo Tengeru watafiti wa World Vegetable Center wameshughulikia mbegu zake bora. La kuogopa ni vipunje vibichi vya kijani: vina sumu inayoweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kuhara. Waambieni watoto wasivile, na mkichambua mboga viondoeni.

Swali: Nikichemsha na kumwaga maji ya kwanza, sumu ya mnanaha si itatoka?

Haitoki ya kutosha kukuokoa. Kumwaga maji kunapunguza uchungu wa mnafu, basi. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula uji wa lishe ulioingiwa na sumu ya mbegu za jamii hii ya mmea. Uji ule ulikuwa umepikwa.

Swali: Nitajuaje kama mtu ameula?

Mara nyingi ndani ya saa moja kinywa kinakauka, uso unakuwa mwekundu na wa moto, moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka na mwanga unaumiza macho. Kisha anaweza kuweweseka, kuongea na watu wasiokuwepo, kushindwa kukojoa. Jirani atasema ni mashetani, au amelewa. Msipoteze muda huko.

Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama dalili ni ndogo. Msimtapishe, msimnyweshe maziwa wala mafuta. Bebeni mabaki ya mboga, na mkiweza ng'oeni mmea mzima wenye ua au tunda, muuweke kwenye mfuko. Daktari akiuona anaokoa muda. Wote waliokula chungu kimoja waende pamoja naye, maana mtoto huzidiwa upesi kuliko mtu mzima.

Swali: Mnafu ulioota chini ya kahawa iliyopigwa dawa, je?

Usichume. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zimepimwa kwa kahawa, si kwa jani linalokwenda moja kwa moja chunguni. Muulize mwenye kihamba amepuliza upande gani, ukachume kwingine.