Je, wajua kwa nini Tokyo ilihitaji miaka 29 kuongeza njia mbili tu za treni?

Japani wana kipimo cha msongamano wa treni ambacho ukikisikia mara ya kwanza utadhani ni utani. Behewa likijaa asilimia 100, kila abiria ama ameketi, ama ana pa kushika: mkanda unaoning'inia au nguzo ya mlangoni. Kwenye asilimia 150, bado unaweza kulikunjua gazeti ukasoma bila taabu. Kwenye 180, gazeti linasomeka ila ulikunje. Kwenye 200 mnabanana hasa, ingawa kajarida kadogo unaweza kukasoma kwa kujilazimisha. Ikifika 250, behewa likiyumba na wewe unayumba nalo, na mkono ulioshuka haupandi tena mpaka mlango ufunguke.

Mwaka 2016, saa ya pilikapilika za asubuhi, treni za kampuni ya Odakyu zilizokuwa zikiingia stesheni ya Shimokitazawa, magharibi mwa Tokyo, zilipimwa asilimia 192. Miaka miwili baadaye, mahali palepale, kipimo kilikuwa kama 150. Mabehewa hayakutanuka wala watu hawakuhama mji. Zilizoongezeka ni njia. Palipokuwa na njia mbili za reli, moja ya kwenda na moja ya kurudi, pakawa na nne, kwa urefu wa kilomita 11.7 kutoka stesheni ya Yoyogi-Uehara, upande wa mjini, hadi Noborito, upande wa vitongojini. Ujenzi ulianza mwaka 1989 na ukakamilika Machi 2018. Mpango wenyewe ulikuwa umepitishwa tangu 1964.

Kilomita 11.7 ni mwendo ambao mtu mwenye baiskeli anaumaliza ndani ya saa moja. Mbona basi miaka yote hiyo?

Kwanza tujiulize kwa nini hawakuongeza treni tu. Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea reli ya njia moja, ambapo treni hungojeana stesheni ili zipishane, kwa hiyo ukimwambia mtu kuna njia mbili anaona matatizo yote yamekwisha. Kweli, kwa njia mbili hakuna tena kupishana. Lakini treni ya Odakyu ya mabehewa 10 ina urefu wa mita 200, na kanuni ya Japani kwa miaka mingi ilitaka treni iweze kusimama ndani ya mita 600 dereva akifunga breki za dharura. Haiwezekani kuzifuatanisha kama daladala zinazogusana bampa. Lazima kuwe na pengo, na pengo hilo hulindwa na taa za ishara. Kabla ya 2018 Odakyu walikuwa wakipitisha treni 27 kwa saa kwenye njia moja ya kuingia mjini. Hiyo ni treni moja kila dakika mbili na sekunde kumi na kitu. Ukijua kwamba ndani ya muda huo treni lazima iingie stesheni, ifungue milango, imwage watu, ipakie wengine na iondoke, utaona hapakuwa na pa kuchomeka hata moja zaidi.

Tena huo ni upande mmoja tu wa tatizo. Upande wa pili, ambao mimi naona ndio wenye utamu, ni kwamba treni zenyewe hazilingani mwendo.

Kati ya Noborito na Yoyogi-Uehara kuna stesheni 12. Treni ya kawaida husimama zote. Treni ya haraka zaidi kati ya zisizodai malipo ya ziada husimama moja tu, Shimokitazawa, na nyingine 11 inazipita. Sasa piga hesabu. Kusimama stesheni moja, ukijumlisha kupunguza mwendo, milango, watu na kushika kasi upya, ni kama dakika moja. Ina maana treni ya haraka ikiachiwa njia itatumia dakika 11 pungufu ya ile ya kawaida. Isipoweza kuipita, basi inabidi iondoke Noborito dakika 11 nyuma yake, ili zifike mwisho zikiwa zimefuatana. Na dakika 11 ni nafasi ya treni tano. Kila ukitaka kuendesha treni moja ya haraka kwa haraka yake, umefuta tano nyingine kwenye ratiba.

Barabarani dereva angewasha indiketa akapita. Treni haina usukani. Inaweza kupita tu pale stesheni yenye njia ya pembeni, na kwa hilo ni lazima ile ya kawaida iingie pembeni isubiri, abiria wake wakiangalia saa. Asubuhi yenye treni 27 kwa saa, hata hilo halisaidii sana. Kwa hiyo Odakyu, kama kampuni nyingi za reli za vitongojini, waliamua kwamba asubuhi treni zote ziende mwendo wa kobe. Ya haraka ikawa ya haraka kwa jina tu, inasimama katikati ya njia, inasogea kidogo, inasimama tena, nyuma ya mwenzake anayepakia watu stesheni ya mbele.

Njia nne zinavunja ndoa hiyo. Zinazosimama kila stesheni zinapata njia zao, za haraka zinapata zao, na kila kundi lina mwendo mmoja. Baada ya ratiba mpya ya Machi 2018, safari ya asubuhi kutoka Machida, kitongoji kilicho mbele ya Noborito, hadi Shinjuku, mwisho wa reli huko mjini, ilipungua kwa hadi dakika 12. Injini hazikubadilishwa, wala kasi ya juu haikuwa ndiyo siri. Treni zilianza tu kwenda kwa mwendo ambao tangu zamani zilikuwa na uwezo nao.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wasiosafiri kwa treni kila siku hulipita: njia nne unazipangaje? Unaweza kuweka mbili za treni za haraka upande huu na mbili za treni za kawaida upande ule, kama ilivyo kwenye reli ya Chuo, Tokyo hiyohiyo, kati ya Nakano na Mitaka. Ni rahisi kujenga, lakini abiria anayetaka kubadili treni anapanda ngazi, anavuka, anashuka ngazi, na treni imeshaondoka. Odakyu walipanga kwa uelekeo. Njia mbili zinazokwenda mjini zimekaa pamoja, na kwenye stesheni nyingi za kubadilishia treni jukwaa liko katikati yake. Unashuka kwenye treni ya kawaida, unavuka jukwaa hatua chache, unaingia ya haraka. Bibi mwenye mizigo anaweza. Kwa mtu anayefanya hivyo mara mbili kwa siku, mwaka mzima, naona mpangilio huu una thamani kuliko dakika kadhaa za kasi.

Sasa turudi kwenye miaka 29. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1927, ilipokuwa ikipita kwenye maeneo ya mashamba. Mji ukaifuata na kuikumbatia. Kufikia wakati wa upanuzi, pande zote mbili zilikuwa nyumba na maduka, na katika eneo la mradi kulikuwa na tambukareli 39, yaani mahali barabara inapokatiza reli. Kwa hesabu za serikali ya Japani, tambukareli ambayo geti lake linakuwa limefungwa dakika 40 au zaidi katika saa moja ya pilikapilika ina jina lake maalumu, "tambukareli isiyofunguka". Treni zikipita kila dakika mbili, kila upande, geti likiinuka linateremka tena. Ukiongeza treni kwenye reli ya namna hiyo umewafungia watu wa mtaa kabisa.

Kwa hiyo haikuwezekana kutandaza tu kokoto na mataruma kando ya njia za zamani. Reli yote ilibidi ihame kutoka usawa wa barabara, sehemu nyingine juu ya nguzo, sehemu nyingine chini ya ardhi. Hapo ndipo hela zilipopatikana pia, na mpango wake ulikuwa wa kijanja. Kuondoa tambukareli ni kazi ya barabara na mji, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama hiyo ilibebwa na fedha za umma. Kuongeza njia ni biashara ya reli, na hiyo ilikuwa ya kampuni. Sheria ya mwaka 1986 iliruhusu kampuni za reli za mijini kuongeza kidogo nauli mapema na kuweka akiba kwa ajili ya ujenzi kama huu. Ukitafakari, abiria alibanwa kwa asilimia karibu 200 huku akilipia reli ambayo huenda angeipanda akiwa tayari amestaafu.

Si wakazi wote waliofurahi. Waliokuwa karibu na sehemu iliyopangwa kuinuliwa juu ya nguzo walitaka treni ziende chini, wakihofia kelele na mtikisiko, wakaenda mahakamani. Mwaka 2001 mahakama ya wilaya ya Tokyo iliwapa haki. Mahakama ya rufaa ikapindua. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu, ikikaa kwa jopo la majaji wote, ilitamka kwamba wakazi wa jirani ambao maisha yao yataathirika wana haki ya kushitaki hata kama ardhi yao haikuguswa. Uamuzi huo unatajwa mpaka leo katika madarasa ya sheria ya Japani. Mwaka uliofuata, kwenye kiini cha kesi, wakashindwa.

Vipande vilikuwa vikikamilika kimojakimoja: kimoja mwaka 1997, kingine kirefu mwaka 2004. Hapo ungetegemea abiria waanze kupumua. Nafuu ilikuwa ndogo, kwa sababu reli ni kama kibuyu, na maji hutoka kwa upana wa shingo, hata tumbo liwe kubwa namna gani. Shingo ilikuwa Shimokitazawa, kilomita 1.6 tu zilizobaki na njia mbili. Kwa miaka mingi treni zilikimbia kwenye njia nne nzuri, kisha zikajipanga foleni kuingia kwenye mbili.

Shimokitazawa ni mtaa wa vichochoro, maduka ya nguo za mitumba na kumbi ndogo za muziki. Reli nyingine, ya Inokashira, inakatiza juu yake. Pa kutanulia hapakuwepo, hivyo wahandisi wakapanga njia kwa ghorofa. Mbili za haraka zikawekwa chini kabisa, kwenye handaki lililochimbwa kwa mashine ya duara inayokwenda kama panya buku, na mbili za kawaida zikawekwa juu yake, kwenye shimo lililochimbwa kutoka usawa wa ardhi. Jumla njia nne, kwa upana unaokaribia wa mbili za zamani.

Na wakati wote huo treni za juu hazikusimama. Njia zake zilikuwa zimeegeshwa juu ya mihimili ya chuma ya muda, na chini yake watu wanachimba. Usiku wa tarehe 22 Machi 2013, treni ya mwisho ilipopita, mafundi waliingia kwenye sehemu mbili ambapo njia ya zamani ilikutana na mteremko wa kuingia handakini. Walikuwa na saa chache za usiku wa manane kuondoa njia ya juu na kuunganisha ya chini. Alfajiri ya tarehe 23 treni ya kwanza ilipita chini ya ardhi, na tambukareli tisa za eneo hilo zilikuwa zimenyamaza. Watu walikuja asubuhi kupiga picha reli tupu.

Hata hivyo walikuwa wamepata njia mbili tu, zilezile mbili ila zikiwa chini. Ilichukua miaka mingine mitano kumaliza ghorofa ya juu yake.

Njia nne zilipokamilika, treni za asubuhi zilipanda kutoka 27 hadi 36 kwa saa. Msomaji makini atauliza mbona si 54, ikiwa njia zimekuwa maradufu. Jibu liko mwisho wa reli. Pale Yoyogi-Uehara njia zinagawanyika: treni 24 zinaendelea kwenda Shinjuku na 12 zinaingia reli ya chini ya ardhi ya Chiyoda. Shinjuku ndiyo mwisho wa safari, treni inashusha umati wake wote kisha inageuka, na jukwaa haliwi wazi mpaka iondoke. Chiyoda nayo ina treni zake zinazoanzia hapo Yoyogi-Uehara, na hizo pia zinataka nafasi. Unaweza kujenga njia kumi vitongojini, lakini idadi ya treni itaamuliwa na majukwaa ya mjini.

Ardhi iliyoachwa wazi Shimokitazawa, ukanda mwembamba wa kilomita 1.7 hivi, leo ni njia ya miguu yenye bustani, vibanda vya kahawa na maduka madogo. Ukitembea hapo husikii treni. Zinapita chini ya viatu vyako.

Upande wa pili, ukivuka Noborito, njia zinakuwa tatu hadi Mukogaoka-Yuen, kisha zinarudi kuwa mbili. Kuendeleza njia nne hadi Shin-Yurigaoka ni wazo ambalo lipo kwenye ripoti ya mwaka 2016 ya baraza linaloishauri serikali ya Japani kuhusu usafirishaji. Kwa sasa treni ya haraka inayotoka Machida asubuhi bado inaanza safari yake nyuma ya ile inayosimama kila stesheni.