Je, wajua kwa nini manjano yanatamba maabara lakini kichwani kwa bondia hayafiki?

Ukipita soko la Marikiti hapa Mombasa siku hizi kila mtu ana dawa yake ya ubongo, huyu atakupa habasoda, yule mlonge, na kwa simu nako kuna jamaa anauza kepsuli za manjano ati mabondia wa Tononoka na vijana wa raga wazimeze ndo makonde yasiwaharibu ubongo. Sasa hiyo ya manjano si uongo mtupu, na ndo maana inauzika.

Mtu akipigwa kichwa mara nyingi, miaka nenda miaka rudi, aweza kupata maradhi ya ubongo yanaitwa CTE. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika habari za mabondia wanaopepesuka kama walevi tangu 1928, lakini watu walishtuka zaidi baada ya 2002, pale Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alipochunguza ubongo wa marehemu Mike Webster aliyecheza futboli ya Kimarekani akakuta protini inaitwa tau imejazana kwenye seli. Tau kazi yake ni kushikilia vile vijia vya ndani ya neva vinavyopitisha mizigo yake, sasa kichwa kikitikiswa sana inabanduka, inashikana yenyewe kwa yenyewe, inakuwa mabonge na neva inakufa mdogo mdogo. Na wala si lazima uzimie, hata vipigo vidogo vidogo vinajumlika.

Haya, manjano. Ile rangi inayokuharibia kanzu ndo yenye kitu kinaitwa kurkumini, na maabara ukiiweka na tau inaizuia isigande, panya waliogongwa kichwa wakapewa nao uvimbe wa ubongo ulipungua. Safi kabisa. Tatizo ni njia, manake ukiimeza, utumbo na ini zinaigeuza upesi mpaka kwenye damu inabaki chembe tu, halafu hiyo chembe nayo ikutane na ule ukuta wa mishipa unaoulinda ubongo na usioruhusu kila kitu kupita. Watafiti wa India mwaka 1998 waliwapa watu gramu 2 za kurkumini wakaongeza kidogo kemikali ya pilipili manga, ikaingia kwenye damu mara 20 zaidi, lakini mara 20 ya karibu na hakuna ni ngapi? Na manjano ya unga yana kama asilimia 3 tu ya kurkumini, kwa hivo gramu 2 hizo ni zaidi ya gramu 60 za unga, hayo ni ya samaki wa kupaka wa mtaa mzima.

Ginkgo nayo, dawa ya majani ya mti wa Uchina, inasifiwa sana, ikajaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, majibu yakatoka 2008: haikuzuia watu kupoteza kumbukumbu.

Kinachoniudhi mimi si pesa. Ginkgo, na manjano ya dozi kubwa, yaweza kuongeza kutokwa na damu, na mtu aliyegongwa kichwa jana huenda anavuja ndani hajui. Ile ya pilipili manga nayo inapandisha fenitoini mwilini, dawa ya kifafa ambayo wengi walioumia kichwa wanapewa. Zaidi ya hapo, kijana akishaamini amekingwa anarudi ulingoni kabla hajapona, na ndo sababu FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilisema wazi 2013 kwamba hakuna saplimenti iliyothibitishwa kutibu mtikisiko wa ubongo.

Manjano weka kwenye mchuzi. Ukigongwa, toka mchezoni siku hiyo hiyo hata kama kocha anakuita, pumzika siku moja mbili halafu rudi polepole kwa ruhusa ya daktari. Na ukiona mtu anatapika tapika, anasinzia ovyo, anashikwa na degedege au mboni za macho hazilingani, mbio hospitali, ukiwa kisiwani Mombasa basi hospitali ya Makadara pale, usiku au mchana.